Sunrise: Picha ya Sinema Isiyosema Neno

Mtu aliyezoea sinema za kusema, aonapo picha isiyosema kwa mara ya kwanza, huenda akadhani kwamba chombo kimeharibika. Midomo ya wachezaji yaenda, lakini hakuna neno lisikikalo. Hata hivyo picha hizo zilipendwa katika nchi nyingi, kwani uso wa mtu mwenye huzuni hauhitaji mkalimani. Moja iliyo bora kabisa ni Sunrise, maana yake Mawio ya Jua, iliyotengenezwa Marekani na kuonyeshwa New York mara ya kwanza mwezi wa Septemba, 1927. Mwongozi wake alikuwa F. W. Murnau, Mjerumani aliyeitwa Marekani na tajiri wa sinema, William Fox.

Habari yake ni hii. Mkulima mmoja aliyekaa kando ya ziwa alinaswa na mwanamke aliyetoka mjini kupumzika. Mwanamke huyo akamshawishi amzamishe mkewe, auze shamba, kisha wakimbilie mjini. Akamfundisha na njia: afiche tita la matete mashuani, ili mashua ikipinduka, matete yamweleze yeye, na mkewe afe maji.

Mke, asiyejua lolote, alipanda mashuani kwa furaha. Walipokuwa katikati ya ziwa mume akasimama na kumwendea. Mke akaunganisha viganja vyake akimsihi. Mume akashindwa, akajifunika uso, kisha akavuta makasia kwa nguvu mpaka nchi kavu. Hapo mke akamkimbia, akapanda tramu iendayo mjini, na mume akamfuata.

Huo ndio uzito wa picha hii: je, mke aweza kuuamini tena mkono uliotaka kumwua? Jibu halikutolewa kwa maneno mengi. Mume alimwagizia chakula, naye hakuweza kula kwa machozi. Akampa maua, naye akazidi kulia. Mwishowe waliingia kanisani ambamo arusi ilikuwa ikifungwa. Mume alipoyasikia maneno ya kiapo alivunjika moyo, akalia na kuomba msamaha. Walitoka wameshikana kama maarusi wenyewe.

Mambo hayo yalielezwa kwa ufundi. Wapiga picha, Charles Rosher na Karl Struss, walitundika kamera kwenye reli zilizofungwa juu, ikamfuata mume gizani katika kinamasi kama mtu anyemeleaye. George O'Brien, aliyecheza mume, alitiwa vitu vizito viatuni, apate kutembea kama aliyelemewa na dhambi. Mji ulijengwa kwa ajili ya picha, na majumba ya nyuma yakafanywa madogo, ili macho yadanganyike yaone mji mkubwa. Maandishi yatokeayo kati ya picha ni machache. Na yale ya shauri la kuzamisha, herufi zake huteremka kama kitu kilichotupwa majini.

Usiku, wakirudi kwao, tufani iliwakuta. Mume akayatoa matete yale yale akamfunga mkewe. Mashua ilipozama, yeye alifika ukingoni, lakini mke hakuonekana. Aliita na kuita. Sauti yake haisikiki. Pahali pake hulia baragumu, kwani picha hii ilitiwa muziki wake pembeni mwa filamu. Karibu na alfajiri mvuvi mzee alimkuta mke yu hai, akielea juu ya mabua machache yaliyosalia. Kilichofungwa kwa ajili ya mauti ndicho kilichookoa uhai. Katika hadithi ya Hermann Sudermann, iliyokuwa asili ya picha hii, mume hufa maji. Murnau aliwarudisha wote wawili nyumbani.

Mwezi wa Mei, 1929, tuzo za Oscar zilipotolewa kwa mara ya kwanza, picha hii ilitunzwa kwa ubora wa sanaa yake. Rosher na Struss walipewa tuzo, na kadhalika Janet Gaynor, aliyecheza mke, kwa kazi yake katika picha hii na nyingine mbili. Lakini mwezi wa Oktoba, 1927, ilikuwa imekwisha tokea The Jazz Singer, ambayo wachezaji wake walisikika wakisema na kuimba. Na katika miaka michache picha zisizosema zikaachwa. Filamu ya asili ya Sunrise iliteketea kwa moto mwaka wa 1937. Nakala zake zilisalia, na kwa hizo watu wangali wakimwona mke yule akiunganisha viganja vyake, nao huelewa aombalo.