Usiisugue Nyota ya Babu!

Jamani, nusura tuharibu! Kwenye kasha la marehemu babu tulikuta nyota ya shaba yenye ncha sita, imeandikwa "The Burma Star". Mume wangu akaja na ndimu na majivu: "Mpenzi, tuing'arishe tukauze, tulipe kodi." Nikamnyang'anya. Nishani ikisuguliwa hushuka bei.

Nyota hiyo walipewa waliopigana Burma, 1941 hadi 1945, wakiwemo askari wetu wa King's African Rifles. Nyuma haina jina. Uingereza ilizitoa nyingi hivyo hivyo, ndiyo maana ikiwa peke yake bei yake ndogo. Kinachoipandisha ni karatasi zenye jina na namba ya askari.

Tukapekua tena. Cheti chake cha jeshi kilikuwa kwenye mfuko wa koti. Mume wangu akakisoma kimya, akairudisha nyota kashani. Kodi tulikopa.