Kuinua gari si kuliongezea nguvu

Katika nyanda hizi za juu za Gusii, mvua haijui likizo. Hunyesha masika, ikanyesha vuli, na hata miezi iitwayo ya kiangazi haikosi manyunyu ya alasiri. Hiyo ndiyo neema iliyotupa majani chai, ndizi na parachichi. Ndiyo pia adha inayozigeuza njia zetu za udongo mwekundu kuwa telezi mithili ya kipande cha sabuni kilicholowa. Yeyote aliyetoka Kisii mjini akapanda kuelekea Manga, kisha akaiacha lami na kushika njia ya vijijini, anajua ninachokisema.

Si ajabu, basi, kwamba siku hizi mazungumzo ya wenye magari huku kwetu hayamaliziki bila neno moja: kuinua. Fulani ameinua gari lake, fulani anatafuta fundi wa kumwinulia. Pikapu za milango minne na zile Probox zisizochoka zimesimama juu ya magurudumu kama kuku aliyekanyaga makaa. Ukiuliza sababu, jibu ni lile lile: barabara ni mbaya.

Sibishi kwamba barabara ni mbaya. Nabisha dhana iliyojificha nyuma ya jibu hilo, kwamba gari likiwa refu limekuwa na nguvu zaidi. Dhana hii ni potofu, na kwa kuwa inagusa maisha ya wanafunzi wetu, naomba msomaji anivumilie niieleze kama tueleza somo darasani.

Nianze na kisa kilichonifungua macho. Tangu 2016, karatasi za mtihani wa kidato cha nne huhifadhiwa katika makontena yenye ulinzi, na wakuu wa shule huzifuata huko siku yenyewe ya mtihani. Mtihani huo huangukia Oktoba na Novemba, vuli inapopamba moto. Asubuhi moja pikapu ya shule niliyokuwa nikifundisha ilikwama njiani ikirudi na karatasi. Tuta la katikati ya njia lililiinua tumbo la gari, na magurudumu ya nyuma yakawa yanazunguka bure. Wakulima waliokuwa wakichuma majani chai waliacha vikapu vyao, wakaja na majembe. Mwalimu Mkuu aliingia shuleni na viatu vilivyojaa matope na uso usio na damu, watahiniwa wakiwa wameshaketi. Mtihani ulianza kwa saa yake, lakini kwa tundu la sindano.

Wiki hiyo hiyo bodi iliketi. Mzee mmoja alisema kwa mkato, "Gari liinuliwe inchi nne, tusiaibike tena." Fundi alikuwa ameshapatikana: angeweka spesa, yaani vipande vya chuma au plastiki ngumu, juu ya springi za mbele, na matofali ya chuma kwenye springi za nyuma. Kazi ya siku moja, kwa bei ya kuchekesha. Wengi wetu tuliafiki. Ni mwalimu wa fizikia aliyeinua mkono na kuuliza swali dogo: "Tumepima gari hili lilikwama kwa sehemu gani?"

Hakuna aliyekuwa amepima. Tulitoka nje, tukainama, tukatazama. Sehemu iliyokwaruzwa na kujaa udongo ilikuwa difu, lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma. Hapo ndipo nilipojifunza jambo la kwanza.

Katika pikapu nyingi, ekseli ya nyuma ni mhimili mmoja uliounga gurudumu la kushoto na la kulia. Springi hukaa baina ya mhimili huo na fremu ya gari. Ukirefusha springi au kuweka tofali, unachoinua ni fremu, bodi na tangi la mafuta. Mhimili wenyewe pamoja na difu hubaki pale pale, kwa kuwa umeshikwa na magurudumu, si na springi. Kinachoweza kuinua difu ni kipenyo cha tairi pekee: tairi lenye kipenyo kilichozidi kwa sentimita 4 huinua mhimili kwa sentimita 2. Kwa hiyo lau tungefuata shauri la mzee, tungelipa fedha za shule, gari lingekuwa refu machoni, na difu lingekwama juu ya tuta lile lile.

Hii si kusema kwamba kuinua gari hakuna faida. Gari likiinuliwa, pua yake haigongi mlima linapoanza kupanda, mkia wake hauburuti linapotoka korongoni, na tumbo lake huvuka mgongo wa njia bila kukwaruzwa. Hizi ni faida za kweli katika nchi ya vilima kama yetu. Lakini mtu hana budi kujua ni ipi kati ya hizo anayoihitaji kabla ya kufungua mkoba.

Jambo la pili ni la wanafunzi wanaosoma kanuni ya Hooke. Kanuni hiyo yasema kwamba springi hubonyea kwa kadiri ya uzito inaowekewa, madhali haijapita kikomo chake. Tuseme springi ya gari lako hubonyea sentimita 4 ikitwikwa kilo 200. Weka spesa juu yake, kisha irudishie kilo zile 200. Itabonyea kiasi gani? Sentimita 4 vile vile. Springi ni ile ile, na nguvu zake ni zile zile. Kilichobadilika ni mahali inapoanzia tu. Ndiyo maana nasema kuinua si kuongeza nguvu. Fundi aliyekuwekea spesa amekupa kimo, hakukupa uwezo wa kubeba hata debe moja la ziada.

Hapa ndipo penye hatari kubwa, kwa sababu wengi huinua magari yao ili yabebe zaidi. Gari lililoundwa kwa watu watano hutiwa wanane au tisa, na juu ya keria zikafungwa ndizi na magunia. Likiwa halijainuliwa, hulalia magurudumu na kumwonya kila mwenye macho kwamba limezidiwa. Likiinuliwa kwa spesa, hukaa sawa na kuonekana zima. Onyo limenyamazishwa, mzigo umebaki.

Jambo la tatu ni la hesabu za kugawanya. Uwezekano wa gari kupinduka hutegemea mambo mawili makuu: upana uliopo kati ya magurudumu ya kushoto na ya kulia, na kimo cha kitovu cha uzito wake kutoka ardhini. Wataalamu wa usalama barabarani wa Marekani hugawanya upana huo kwa kimo hicho kilichozidishwa mara mbili. Jibu likiwa kubwa, gari ni tulivu. Likipungua, gari linakaribia kulala ubavu.

Tuchukue mfano wa gari lenye upana wa mita 1.45 na kitovu kilicho mita 0.60 juu ya ardhi. Jibu ni 1.21. Liinue kwa sentimita 5, na jibu linashuka hadi 1.12. Liinue kwa sentimita 10, ambazo ni inchi nne za mzee wetu, na linashuka hadi 1.04. Sasa pakia magunia juu ya keria mpaka kitovu kifike mita 0.80, na unabaki na 0.91. Bado hujakata kona, hujakanyaga shimo, wala hujamkwepa ng'ombe.

Nimeshuhudia hesabu hiyo ikikamilika barabarani. Gari dogo lililoinuliwa, likiwa na abiria wengi kuliko viti na mikungu ya ndizi juu yake, lilikata kona kwenye mteremko, gurudumu likaingia mtaroni, nalo likalala kama mtu aliyesukumwa. Waliokuwamo walitoka hai, wengine na mifupa iliyovunjika. Miongoni mwao walikuwamo watoto waliovaa sare za shule. Nilichokisikia kwa waliokusanyika ni lawama kwa mvua.

Itakuwa si haki kuwakaripia watu bila kuwaonyesha njia. Mtu afanyeje, basi, ikiwa kweli anahitaji kuinua gari lake?

Kwanza, atazame tairi kabla ya springi. Katika tope la Manga, magari mengi hukwama kwa kuteleza kuliko kwa ufupi. Gari refu lenye tairi zilizolika huteleza sawasawa na gari fupi, tofauti ni kwamba huanguka kutoka juu zaidi. Tairi zenye meno mazuri, bamba la chuma la kukinga tumbo la injini, kamba imara na sepetu huleta nafuu kubwa kwa gharama ndogo.

Pili, aamue kimo kwa kipimo, si kwa tamaa. Kwa matumizi ya kawaida ya vijijini, sentimita 4 au 5 zinatosha. Kila sentimita inayozidi hapo hudai malipo mahali pengine. Ekseli za magurudumu ya mbele huinama kwa pembe kali, na mipira inayofunika jointi zake hupasuka. Magurudumu hukaa upande, yakala tairi bila usawa, mpaka gari lifanyiwe ule upangaji upya ambao gereji huuita alaimenti. Taa huelekea juu na kumpofusha anayekuja mbele. Tena baadhi ya pikapu zina vali iliyounganishwa na ekseli ya nyuma, ambayo hupima mzigo kwa kutazama springi zilivyobonyea, kisha hugawa nguvu za breki. Ukiinua nyuma bila kuirekebisha, vali hiyo hudhani gari ni tupu na kuyanyima magurudumu ya nyuma breki yanayostahili. Fundi asiyejua habari hiyo si fundi wa kuachiwa gari linalobeba watoto.

Tatu, anunue seti kamili inayooana: springi pamoja na shokomzoba zake, ambazo mafundi wetu huziita shoki. Springi hubeba uzito, shoki hutuliza mruko. Ukiiinua springi ukaiacha shoki ya urefu wa zamani, shoki hiyo hukaa ikiwa imekwisha kunyooka. Gurudumu likitumbukia shimoni, shoki hufika mwisho wake na kugonga, na haichukui muda mrefu kuvuja mafuta. Watengenezaji mashuhuri wa Australia, kama vile Old Man Emu na Ironman, huuza springi za gari lile lile kwa madaraja mbalimbali ya uzito. Kwa hiyo mnunuzi aulize: gari langu hubeba nini kila siku? Springi ya mzigo mzito katika gari linalotembea tupu hurusha watu kama punje za mahindi kaangoni, na gurudumu lirukalo halishiki barabara. Springi nyepesi katika gari la mizigo hulala mapema. Hakuna seti iliyo bora kwa wote. Ipo inayofaa kwa kazi fulani.

Nne, asikate wala asichomelee chochote kabla ya kuuliza wakaguzi wa magari na kampuni yake ya bima. Bima huandikwa kwa gari kama lilivyoelezwa, na siku ya ajali si siku ya kuanza kulieleza upya.

Wapo watakaonijibu kwa mfano wa mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza 1953. Je, magari yale hayakuinuliwa, na Joginder Singh hakushinda 1965, 1974 na 1976 katika matope ya Afrika Mashariki? Yaliinuliwa, naam. Lakini hayakuinuliwa kwa spesa za jioni moja. Springi na shoki zake ziliteuliwa pamoja, tumbo likakingwa kwa chuma, na kila sehemu ikakaguliwa na mafundi waliokuwa wakingoja njiani. Fauka ya hayo, gari la Safari lilibeba watu wawili, nao wakiwa wamefungwa mikanda. Anayetaka kuiga urefu wake na aige pia idadi ya abiria wake.

Shule yetu ilifanya nini mwishowe? Ilinunua tairi mpya zenye meno na kipenyo kilichozidi kidogo, kwa kadiri ambayo gari lenyewe liliruhusu. Ilinunua springi na shoki za seti moja, zilizoliinua gari kwa sentimita 4, na taa zikashushwa. Bodi ilipitisha pia kwamba nyuma ya pikapu hiyo hapandishwi mwanafunzi, hata kama mechi iko mbali kiasi gani. Uamuzi huo wa mwisho haukugharimu shilingi, na ndio uliozua ubishi mkali zaidi.

Sehemu moja ya ile barabara ilitengenezwa na wazazi wenyewe. Siku moja ya Jumamosi walikuja na majembe, wakausawazisha mgongo wa njia, wakafungua mtaro uliozibwa na udongo. Maji yakapata njia yake. Hata gari fupi kuliko yote kijijini likapita. Nilirudi nyumbani nikiwaza kwamba tunapoinua magari yetu moja moja, kila mtu kwa mfuko wake, tunajizoesha kutoidai barabara ambayo ni haki yetu sote, na ambayo serikali ya kaunti na ile ya taifa zina wajibu wa kuitunza.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, ikiwa bodi yenu italeta hoja ya kuinua gari la shule, usiipinge kwa papara wala usiipitishe kwa shangwe. Omba utepe wa kupimia. Inama uangalie sehemu iliyokwaruzwa. Uliza gari hubeba nani na kiasi gani. Nawe mwanafunzi, unaposoma kanuni ya Hooke na kitovu cha uzito, usidhani ni mambo ya karatasi ya mtihani tu. Kesho utasimama kando ya barabara, na mbele yako litasimama gari refu lililojaa, kondakta akikuita kwamba ipo nafasi ya mmoja. Hesabu yake unayo tayari kichwani. Ifanye kabla ya kupanda.