Kabla ya Kubeba Hema Kwenda Nungwi, Jua Mwezi Una Siku Ngapi

Kila mtihani ukimalizika, mazungumzo bwenini ni yale yale: "Jamani, wikiendi hii twendeni Nungwi." Wazo zuri. Daladala namba 116 inakutoa mjini, unakwenda karibu kilomita 60, unashuka kwenye ncha ya kaskazini ya Unguja. Kutembea ufukweni hakuna kiingilio, na hema la kuazima linaokoa bumu. Kitu kimoja tu ndicho wengi wetu hatukipangi, nacho ni maji.

Mimi nilijifunza kwa kuloa. Tulikuwa wanne, tukafika saa 12 jioni, mwezi una siku 13. Maji yalikuwa yameshaanza kurudi. Tukaona mstari wa majani ya baharini juu ya mchanga, tukasema maji mwisho wake hapa, tukapiga hema hatua mbili juu yake. Kiasi cha saa 9 na nusu usiku nikaamka godoro linaelea. Mzee mmoja aliyekuwa akishuka kuangalia ngalawa yake alitusaidia kuburuta vitu, kisha akauliza kwa upole, "Wanangu, mwezi hamkuuona?" Tuliuona. Tulikuwa tumeupiga picha. Kuusoma ndiko hatukujua.

Sasa somo lenyewe. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kiasi cha dakika 50 kuliko jana. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta bahari kwenye mstari mmoja. Hapo tunapata bamvua. Wakati wa bamvua, maji ya Unguja hupanda na kushuka mita 3 hadi 4. Mwezi ukiwa nusu, mivutano hiyo haielekei pamoja, tunapata maji mafu, na tofauti inaweza kuwa kiasi cha mita 1 tu. Kosa letu lilikuwa hapo: tulikuwa tunaingia kwenye bamvua, kila maji yanayojaa yanapita yaliyotangulia. Mstari wa majani unakwambia maji yalifika wapi jana. Ya leo hauyajui.

Uzuri ni kwamba hesabu ni nyepesi ukiwa na kalenda ya Kiislamu ukutani. Kwetu, kwenye tarehe 1 na tarehe 15 maji hupwa kiasi cha saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, na hujaa kiasi cha saa 10 alfajiri na saa 10 jioni. Ongeza dakika 50 kwa kila siku inayopita. Ikifika tarehe 8 au 22 mambo yamegeuka: asubuhi maji yamejaa, jioni yamekupwa. Hiyo ni kadirio. Ukifika, muulize mvuvi yeyote, atakupa saa bila kutazama simu.

Kwa nini saa hizo ni muhimu kwa mtembeaji? Kwa sababu njia ya Nungwi ni bahari ikiwa haipo. Anzia Mnarani, penye mnara wa taa na lile bwawa la asili wanamotunzwa kasa na ng'amba. Zunguka ncha uelekee magharibi, upite wanapoundwa majahazi. Pale utaona mafundi na tezo na keekee, na pamba ya kukalafati ikigongwa katikati ya mbao. Ni kazini kwa watu, kwa hiyo toa salamu kwanza, na picha uombe. Kisha shika ufukwe kwenda Kendwa, kiasi cha kilomita 3 za mchanga mweupe, tambarare, hata asiye na mazoezi anafika.

Lakini katikati ya Nungwi na Kendwa kuna mahali miamba ya matumbawe imeingia baharini. Maji yakipwa unapita chini yake miguu mikavu. Yakijaa, njia imekwisha, na kuparamia mwamba ule ni kujichana miguu. Ondoka saa moja kabla maji hayajapwa kabisa, na uwe umesharudi ndani ya saa mbili baada ya kupwa. Maji hayapandi kwa kasi moja: saa ya tatu na ya nne ndizo huleta karibu nusu ya maji yote. Ukichelewa Kendwa kwa sababu ya soda, rudi kwa barabara tu, hakuna aibu. Vaa viatu vya raba, maana kwenye mawe kuna wale wadudu weusi wa miiba mirefu.

Kuhusu hema: pwani ya kijiji ina wenyewe, kuna vyombo, nyavu na njia za watu. Usitandike popote unapopapenda. Nenda kwa sheha, jitambulisheni mnatoka chuo gani na mko wangapi. Au tafuta nyumba ya wageni yenye uwanja, muombe mwenyewe mlipie uwanja badala ya chumba. Mtapata na choo na maji ya kuoga. Mkiruhusiwa kulala karibu na bahari, tafuteni inapoanzia mimea yenye mizizi ya kudumu. Mmea huo maji ya chumvi yangekuwa yanaufikia kila bamvua, usingekuwepo. Ukipita kijijini, jisitiri, na taka zenu mrudi nazo.

Wikiendi iliyofuata tulirudi, mwezi una siku 20. Hema tulilipiga uwanjani kwa mama mmoja, mbali na maji. Jambo la kwanza nililomuuliza asubuhi lilikuwa bahari inapwa saa ngapi.