Nyamongo: Mji Uliokua Nje ya Uzio

Si mbali na Ikoma, mahali paitwapo Kilimafedha, dhahabu ilichimbwa enzi za wakoloni. Leo eneo hilo limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na hapana mji. Upande wa Tarime, Nyamongo imejaa maduka, gesti, vijiwe vya bodaboda na nyumba za bati zilizobanana kuelekea uzio wa mgodi wa North Mara. Dhahabu ilikuwepo kote kuwili, lakini Nyamongo watu walibaki. Nami nadai kwamba mji huu umekuzwa na wasioajiriwa mgodini kuliko na mgodi wenyewe.

Tuupime na bonde la Rhondda, huko Wales. Mwaka 1851 lilikuwa na watu wasiofika 1,000. Mwaka 1911 walizidi 150,000. Makaa ya mawe yalichimbwa kwa sururu, kila mgodi ukahitaji mamia ya wanaume, nao wakaleta familia na kukubali kukatwa mishahara ili wajenge maktaba na kumbi zao. North Mara, ulioanza uzalishaji 2002, ni mgodi wa mitambo, na ajira zake haziwatoshi vijana wanaozitaka. Wachimbaji wadogo waliokuwepo kabla yake hawakutoweka. Wapo walioshika maduara, yaani mashimo yao ya kuchimbia, ya pembeni, na wapo waliogeuka “intruda”, wanaoingia mgodini kufuata mawe, hata baada ya polisi kuwaua watu kwa risasi Mei 2011. Itazame kazi ya karasha, mashine ya kusagia mawe: jiwe husagwa likawa unga, unga huoshwa juu ya ubao ulioinamishwa na kutandikwa gunia, kisha mchanga mzito uliobaki hukandwa kwa zebaki na kuchomwa hadi ibaki punje ya dhahabu. Nyuma ya punje hiyo moja wanakula mwenye duara, wabeba viroba, fundi wa mashine, mama ntilie na mnunuzi. Hapo ndipo pesa ya kila siku ya Nyamongo inapozunguka.

Yupo atakayesema naunyima mgodi haki yake. Ni kweli unalipa ushuru wa huduma, umechangia shule na maji, na tangu 2020 serikali ina hisa asilimia 16 kupitia kampuni ya ubia ya Twiga. Lakini pesa inayopitia ofisini haimpi kijana sababu ya kujenga nyumba ya kudumu. Inayomfikia moja kwa moja ni fidia, ndiyo maana kukawa na tegesha: vyumba vinavyoinuliwa haraka kwenye ardhi inayotazamiwa kutwaliwa, vikisubiri mthamini badala ya mpangaji. Kuwalaumu wenye tegesha pekee ni kusahau kwamba ardhi ikishakwenda, shamba na malisho vimekwenda nayo.

Wengine watanikumbusha kwamba Rhondda nayo ilidhoofika, na shimo lake la mwisho, Maerdy, likafungwa 1990. Sawa kabisa, na hilo linanipa hofu zaidi, maana Rhondda iliingia kwenye dhiki ikiwa na vyama na kumbi za watu wake. Nyamongo ina mto Tigithe, uliochafuliwa 2009, na mgodi uliotozwa faini ya shilingi bilioni 5.6 mwaka 2019 kwa sababu ya bwawa la majitaka. Kwa hiyo viwanja vipimwe sasa, wachimbaji wadogo wapewe maeneo yenye leseni, na karasha zihamishwe mbali na maji, wakati dhahabu bado inatoka na halmashauri bado ina cha kukusanya.