Saa ya Kuiaga Mashine ya Kupumulia

Je, wajua ya kuwa mashine ya kupumulia, ambayo humwokoa mgonjwa mahututi kwa kumtilia hewa mapafuni, yaweza kumdhuru ikikawia kuondolewa? Mpira upitao kooni huwapa vijidudu njia ya kushukia mapafuni, na kiwambo, msuli mkuu wa pumzi utengao kifua na tumbo, hudhoofu kwa kukosa kazi kama mguu uliofungwa muda mrefu. Lakini mgonjwa avuliwaye mpira kabla ya wakati huweza kuzidiwa, akarudishiwa kwa haraka na kwa hatari. Kwa hiyo saa ya kumwachisha mashine ni hukumu nzito kwa tabibu sawasawa na saa ya kumtia.

Zamani hukumu hiyo aghalabu ilitegemea dhana na mazoea. Mwaka 1991, huko Marekani, matabibu Karl Yang na Martin Tobin walitangaza kipimo chepesi: mgonjwa huachwa apumue mwenyewe kwa dakika moja, kisha idadi ya pumzi zake hugawanywa kwa kiasi cha hewa, kwa lita, cha pumzi moja. Avutaye pumzi 20 za nusu lita hupata 40, nayo ni dalili ya kheri. Avutaye pumzi 36 za robo lita hupata 144, naye amevuka mpaka wao wa 105, kwa sababu pumzi za mbiombio na fupi hupotelea sana katika njia za hewa, bila ya kufika mahali damu ichukuapo oksijeni.

Mwaka 1996 Wesley Ely na wenziwe, katika utafiti wa wagonjwa 300, waliwapima wote kila siku. Waliofaa katika kundi moja wakaachwa wapumue wenyewe hadi saa mbili, na walioshinda jaribio hilo matabibu wao wakaarifiwa. Kundi hilo, ijapokuwa maradhi yao yalikuwa mazito zaidi, lilikaa na mashine siku 4 na nusu kwa kadiri ya katikati, na lile lililoachiwa mazoea siku 6.

Hata hivyo, kushinda jaribio si ithibati kamili. Sharti maradhi yaliyomlaza mgonjwa yawe yamepungua, fahamu zimemrudia, na kikohozi chake kina nguvu ya kutoa makohozi. Na katika jaribio, akitokwa jasho, moyo ukimwenda mbio au akihangaika, hurudishwa kwenye mashine apumzike, bila ya lawama, mpaka kesho.

Basi wewe uliye na ndugu katika chumba cha mahututi, usiione mashine kuwa ni hukumu ya mauti, wala usihimize ivuliwe kwa huruma tupu. Muulize tabibu kwa adabu, kila kunapokucha: leo amejaribiwa kupumua mwenyewe? Swali hilo ni haki yako, na kwa mgonjwa ni auni kubwa.