Kofia Ngumu Isiyosahau Kidevu

Mchana wa kiangazi, barabara ya vumbi kati ya Katoro na Nyarugusu si mahali pa kumwambia mtu afunike uso wote. Dereva wa bodaboda anapatana bei na mchimbaji mdogo anayewahi duarani, anapokea simu, anatema vumbi, anataka maji. Ndiyo maana helmeti inayoziba uso mara nyingi huishia kwenye tanki la pikipiki, na kichwani inabaki ya nusu au hakuna kitu. Watengenezaji wanaijua shida hiyo. Wametuletea kofia ambayo kinga yake ya kidevu huinuliwa juu, na nyingine ambayo kinga huchomolewa kabisa. Kwa Shinyanga, Kahama na Geita naamini hiyo ndiyo kofia ya kutafuta, mradi kinga yenyewe iwe imepimwa kweli.

Kidevu kinastahili kuhangaikiwa. Mtu akirushwa juu ya usukani hutangulia uso. Dietmar Otte, mtafiti wa ajali huko Hannover, Ujerumani, alichunguza mahali helmeti za waendesha pikipiki zilipogongwa, akakuta takriban theluthi moja ya mapigo yameangukia sehemu ya kidevu na taya. Kofia ya nusu haipo hapo kabisa. Tena pigo la kidevu haliishii kidevuni: taya limeungana na fuvu karibu na sikio, kwa hiyo nguvu hupanda hadi kwenye kitako cha fuvu. Hata ubongo ukisalimika, taya lililovunjika huweza kufungwa kwa waya kwa wiki kadhaa, na kijana aliyekuwa akilisha familia akawa anaishi kwa uji wa mrija. Madaktari wa Bugando, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa, waliandika tangu mwaka 2010 kwamba majeraha ya pikipiki jijini Mwanza yamekuwa tatizo la afya ya jamii linalochipuka.

Kwamba helmeti husaidia si jambo la kubishania tena. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2008 yalionyesha kwamba hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kazi hiyo haifanywi na gamba la nje peke yake. Ndani yake kuna povu gumu jeupe, lilelile linalozungushiwa televisheni mpya ndani ya boksi. Likigongwa linapondeka, na katika kupondeka huko kichwa hupata sentimeta chache za kusimama badala ya kusimama ghafla. Basi fungua kitambaa cha ndani cha ile kinga ya kidevu, ubonyeze. Ukikuta plastiki tupu na sponji laini, hiyo ni pambo. Inazuia kokoto na mende, lami haiizuii.

Halafu soma kitambulisho kilichoshonwa kwenye mkanda wa kidevuni. Kofia za pikipiki zilizopimwa kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa huwa na herufi E ndani ya duara, pamoja na namba inayoanza na 05 au 06, yaani toleo la 22.05 au 22.06. Karibu na namba hiyo ndipo penye siri kubwa. Herufi P maana yake kinga ya kidevu imepimwa na inakinga. J ni kofia iliyo wazi. NP ni onyo: kuna kitu mbele ya kidevu, lakini hakikingi. Kofia ya kinga inayoinuliwa au kuchomolewa iwe na P/J, kwa kuwa imepimwa ikiwa imefungwa na ikiwa wazi. Stika iliyobandikwa nyuma ya gamba haitoshi. Yeyote anaweza kuichapisha.

Shinyanga ni nchi ya baiskeli vilevile, na hapa kuna mtego wake. Kofia za baiskeli za milimani zenye kinga ya kuchomoa, kama Bell Super 3R, zina mwonekano wa helmeti kamili. Lakini kipimo cha Ulaya cha baiskeli, EN 1078, hakigusi kidevu. Kinachokigusa ni ASTM F1952 cha Marekani, kilichowekwa kwa wanaoteremka milima kwa kasi. Bell Super DH na Giro Switchblade zimepita hapo. Kwa anayeshuka vilima vya Geita na gunia la mkaa nyuma, breki zikiwa za mashaka, tofauti hiyo ni kubwa. Ila hata hizo zisipande pikipiki. EN 1078 huangusha kofia kwa mwendo wa mita 5.42 kwa sekunde, ilhali kipimo cha pikipiki cha 22.05 hutumia mita 7.5. Ukikumbuka kwamba nishati hukua kwa mraba wa mwendo, pigo la pili linakaribia kuwa mara mbili ya la kwanza.

Sehemu dhaifu ya kofia hizi ni kufuli za pembeni. Vumbi jekundu hujaa kwenye vitufe, kinga ikaonekana imefunga kumbe imeegemea tu. Kabla ya kulipa, ifunge, usikie ikigonga pande zote mbili, kisha uivute kwa nguvu. Pima kichwa kwa futi ya fundi cherehani, sentimeta mbili hivi juu ya nyusi. Kofia ivutapo ngozi ya paji la uso unapoitikisa, imekukaa. Abiria mwenye rasta nene au kilemba anahitaji saizi yake, si ile iliyobaki.

Vumbi lisafishwe kwa maji na sabuni ya kawaida. Petroli ni marufuku, ingawa kijiweni haikosekani kamwe kwenye chupa ya maji: huyeyusha lile povu jeupe na kudhoofisha baadhi ya magamba ya plastiki, na kwa nje kofia huweza kubaki inang'aa. Iliyowahi kugonga chini na kichwa ndani isiuzwe tena mnadani wala kupewa mdogo wako, maana povu lililopondeka halirudi.