Bibi, Matone ya Bangi na Chai ya Tangawizi

Nilipomnunulia Bibi matone ya CBD hapa London kwa ajili ya magoti yake, nilijiona mjukuu bora. Yeye aliona tu picha ya jani kwenye chupa: "We mtoto, unaniletea bangi?"

Nikamwambia hailewi mtu kwa hii. Kinacholewesha ni THC. Na tangu Novemba 2018, madaktari bingwa Uingereza wanaruhusiwa kuandikia wagonjwa dawa za bangi. Epidyolex, kwa mfano, ni CBD, na inapunguza kifafa cha aina fulani nzito.

Kumbe sikuuliza swali moja. Mfamasia ndiye aliyeuliza: Bibi anakunywa dawa gani? Warfarin, ya kuzuia damu isigande. Akaniambia nisimpe. CBD inalizuia ini kuivunja warfarin, dawa inazidi mwilini, na mtu anaweza kuvuja damu ndani kwa ndani.

Na manjano? Ya kwenye mchuzi sawa. Vidonge vyake, hapana.

Sasa Bibi anakunywa chai yake nyepesi ya tangawizi, matone nimeyatupa. Jamani, "ya asili" nayo ni dawa. Tuulize kwanza.